Jina la Mtu Aliye Hai

Kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Wayahudi wa nchi nyingine wana desturi zao, na wapo wanaomwita mjukuu kwa jina la babu yake huku babu mwenyewe amekaa pembeni anakunywa chai na kufurahi. Sisi hapana. Kwetu ukimpa mtoto jina la mtu, mtu huyo umekwisha kumzika. Mzee Zundl, aliyekuwa akitusomea Taurati pale Zaretse, mji wetu mdogo, alikuwa na tabia ya kuuliza kwanza mbele ya wale wanaume kumi wanaotakiwa kwenye sala: jina hili ni la nani, na una hakika? Mwenye wasiwasi alikaa kimya, akatafuta jina jingine.

Mimi naitwa Keila. Nilizaliwa tarehe tisa Machi mwaka 1947, nikapewa jina la mdogo wake baba. Baba aliulizwa kama ana hakika, akajibu kwamba ana hakika. Shangazi Keila siku hiyo alikuwa na miaka ishirini na moja, anapumua kama wewe na mimi, kilomita kumi na nane kutoka chumbani kwetu.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi na bado linanikera. Kuna siku namhurumia baba mpaka machozi yananitoka, na kuna siku natamani afufuke dakika tano tu nimgombeze nishibe.

Baba yangu Leizer alikuwa fundi wa vioo. Vita vilipokwisha hapakuwa na nyumba Zaretse yenye dirisha zima, kwa hiyo kazi hakukosa. Alichokosa ni watu. Alirudi kutoka jeshini mwaka 1945 akakuta kwamba Wayahudi wote waliokuwa wamebaki mjini, zaidi ya elfu moja, walipigwa risasi siku moja ya mwezi wa tano mwaka 1942, kwenye shimo nyuma ya kiwanda cha matofali. Waliofyatua risasi ni Wajerumani. Waliowasindikiza watu mpaka shimoni walikuwa vijana wa hapa hapa, wengine aliwahi kukaa nao dawati moja.

Kuhusu wazazi wake hakukuwa na swali. Watu waliwaona wakiingia. Kuhusu Keila, aliyekuwa na miaka kumi na sita, maneno yalikuwa mengi. Huyu alisema msichana aliruka kutoka kwenye msafara penye kona ya kinu cha maji. Yule alisema aliruka, lakini hakufika mbali. Baba akaanza kutafuta. Safari ya kwanza alitembea siku mbili, akaletewa yatima mwingine kabisa, ambaye alimng'ang'ania koti asitake kumwachia. Safari ya pili mtu alichukua buti zake kwa ahadi ya kumwonyesha njia, akamtelekeza msituni. Safari ya tatu alionyeshwa tuta la udongo kama kaburi chini ya msonobari, akachimba kwa mikono yake, akakuta mifupa ya ndama. Mama alikuwa akisema kwamba baada ya safari hiyo baba hakufungua mdomo siku nne, hata kwa chai.

Kisha nikazaliwa mimi, na jina likatolewa, na utafutaji ukaisha. Kila mwaka, siku ya shimo ilipofika, baba aliwasha mishumaa mitatu ndani ya bilauri tatu: wa babu, wa bibi, na wa Keila. Ule wa tatu mimi niliuona wangu. Nilikaa mbele yake nikijiona mtu mkubwa.

Barua ilikuja mwezi wa sita mwaka 1957, nikiwa na miaka kumi. Ilitoka Lodz, Poland. Baba alikuwa mezani na almasi yake ya kukatia vioo. Akaifungua, akaisoma amesimama, kisha akaketi juu ya kioo alichokuwa amekwisha kukikata. Kioo kikapasuka chini yake, wala hakusikia.

Barua ilikuwa fupi. "Kaka Leizer, mtu mmoja wa Grodno ameniambia uko hai na bado unaweka vioo. Mimi nipo. Nina mume, nina mtoto wa kiume. Nikipata ruhusa nitakuja mwezi wa nane, nikae wiki moja. Ndimi Keila wako."

Mama yangu Dvosia alipiga kelele ambayo nadhani waliisikia mpaka stesheni. Akatoka mbio kuwapa majirani habari, huku amesahau kuvaa viatu. Aliporudi alimkuta baba pale pale, suruali imechanika, damu inamtoka kidogo. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, na hakuna aliyekumbuka kwamba nina masikio.

"Wewe mwanaume, inuka!" mama alisema. "Dada yako kafufuka na wewe umekaa juu ya vigae!"

"Niliambiwa, Dvosia."

"Uliambiwa nini?"

"Na Bronik. Yule wa gari la maziwa. Majira ya baridi, kabla huyu mtoto hajazaliwa. Alinikuta posta, nimeshika kioo mikononi. Akasema, dada yako yuko shambani kwa Tekla, kule Borki, vidole vya miguu vimeliwa na barafu, anakuulizia."

Mama alikaa kitako. "Bronik alikuwa mlevi, Leizer. Kwa bilauri moja ya pombe angekuapia kwamba amemwona nabii Eliya akikamua ng'ombe."

"Hakuniomba bilauri."

"Eti nini?"

"Wote walioniambia habari za Keila waliniomba kitu. Bronik hakuomba kitu. Hapo ndipo nilipopaswa kujua kwamba ni kweli."

Mama alianza kumtafutia pa kutokea, maana ndivyo alivyokuwa: njia zilikuwa za hatari, wale wenye bunduki msituni walikuwa bado wanaua Wayahudi, yeye mwenyewe alikuwa na tumbo la miezi saba, na tayari mimba moja ilikuwa imetoka. Yote hayo yalikuwa kweli.

"Usinitafutie sababu," baba alisema. "Sababu ninazo tele. Sikwenda kwa kuwa sikutaka kuchimba tena. Nilitaka iishe. Na mzee Zundl aliponiuliza, nikasema nina hakika."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia. Siku ile ile atakayoshuka kwenye treni."

Kuanzia hapo nikawa nahesabu siku kama yeye. Sikumngoja shangazi. Nilikuwa nangoja baba aseme.

Alishuka kwenye treni na kofia ndogo ya samawati, jino moja la dhahabu, na mwendo wa kuchechemea, maana vidole vitano vya miguu vilibaki Borki. Yeye na baba walisimama wakatazamana.

"Umenenepa," shangazi alisema.

"Wewe umefupika."

Basi wakakumbatiana, na baba akalia kwa sauti mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona wala sikuliona tena.

Mama alikuwa na hofu yake nyingine. Keila wawili chini ya paa moja! Malaika wa mauti akija na karatasi yake, je, atajuaje anayemtaka ni yupi? Kwa hiyo alikuwa ameamuru wiki nzima niitwe Alta, yaani bibi kizee, ili malaika achanganyikiwe. Shangazi aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wifi, malaika huyo alipita hapa mwaka arobaini na mbili, na hakuja na karatasi yoyote. Mwache mtoto na jina lake. Tutagawana."

"Wewe cheka tu, wifi. Mimi ndiye nitakayemfungulia mlango."

"Mpe supu yako ya kabichi, atakimbia mwenyewe."

Wakaanza hivyo na hawakuacha wiki nzima, wakataniana kama waliokua pamoja. Lakini ile jioni ya kwanza, kabla hatujakaa kula, shangazi alinishika kidevu, akanitazama.

"Ulizaliwa lini?"

"Machi."

"Tarehe ngapi?"

"Tisa."

"Ndiyo," alisema, kama mwalimu aliyepewa jibu analolijua. Nililiona, lakini nilikuwa mtoto, nikaliacha lipite.

Siku ile baba hakusema. Alieleza jinsi puti ya siku hizi, ile ya kubandikia vioo, isivyoshika. Siku ya pili aliuliza habari za madirisha ya Lodz, kama ni ya vioo viwili. Shangazi alimjibu kila kitu kwa upole. Jioni ya tatu tulikuwa tunakula viazi na samaki wa chumvi, baba akaweka uma chini.

"Keila. Unamkumbuka Bronik?"

Shangazi alikuwa amenyanyua kijiko. Akakirudisha taratibu mezani, akakunja mikono, akamtazama baba usoni. "Wa maziwa? Namkumbuka sana."

Mama alisimama na sufuria mkononi. Mimi nilikuwa najifinya paja chini ya meza, nikisema moyoni, sema, baba, sema.

"Alikufa," baba alisema. "Aliganda mtaroni, mwaka hamsini na moja."

"Mungu amrehemu," alisema shangazi. Alikaa kidogo, kama anayesubiri sahani ya pili, kisha akachukua kijiko chake.

Siku ya mwisho baba alimbebea sanduku mpaka stesheni. Mimi nilibeba mkate. Treni ilipotokea kule kwenye daraja, baba alimshika mkono.

"Keila, lile jina..."

"Jina gani, kaka? Sema."

Alikuwa na nafasi. Treni za kwetu hazina haraka, husimama dakika kumi na mbili wakijaza maji. Nimerudi stesheni hiyo mara nyingi na kila mara nazifikiria zile dakika kumi na mbili. Baba alimfunga kifungo cha juu cha koti, ingawa ilikuwa mwezi wa nane, wakati wa joto kwetu.

"Andika ukifika," alisema.

Hakumwona tena. Mwaka 1968 Poland ilipowachoka tena Wayahudi wake, shangazi na mumewe na mwanawe Marek wakahamia Haifa, na kutoka Haifa kuja kwetu miaka ile hakukuwa na njia. Waliandikiana barua za hali ya hewa na magoti. Baba alizeeka huku anaweka vioo. Siku ya shimo alikuwa bado anatoa bilauri tatu kabatini, na mama humwambia, "Mbili, Leizer, mbili," naye huirudisha ya tatu, amejikunyata kama aliyeshikwa akiiba. Baada ya kifo cha mama nilikuta kwenye droo yake karatasi saba. Zote zimeandikwa kwa mwandiko wa baba, "Dada yangu mpenzi, kuna jambo," na baada ya hapo hakuna kitu.

Baba aliugua mwezi wa kumi mwaka 1988. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, nauza dawa katika duka la dawa la mji, na niliijua hali yake kuliko daktari.

"Mwambie wewe," aliniambia. "Mimi nilijaribu."

"Hukujaribu, baba. Ulitaka kujaribu."

"Haya, nigombeze. Lakini mwambie. Asije akanililia bure."

Nikaahidi. Nilimpelekea shangazi simu ya maandishi ya maneno sita kwamba kaka yake amefariki, na barua nikasema nitaiandika kesho. Kesho ikawa wiki, ikawa miezi. Nilikuwa na jina la shangazi na ulimi wa baba, na wala sikuwa na aibu ya kutosha kuona nini kinanitokea.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, saa nane mchana, simu ililia chumba cha nyuma cha duka la dawa. Opereta akasema Haifa iko kwenye laini.

"Keila?"

"Shangazi?"

"Sema kwa sauti, mimi ni bibi kizee sasa. Sikiliza. Mke wa Marek kajifungua. Mtoto wa kiume, ana kichwa kikubwa, mzuri. Kesho anatahiriwa na kupewa jina. Nataka aitwe Leizer. Marek amekubali, mkewe amenuna, atazoea. Lakini wewe ndiye binti, nimeona nikuulize."

Nje kulikuwa na foleni ya watu wanaotaka dawa ya kikohozi. Nilijua kwamba nikisema "ndiyo, shangazi, asante," mtoto yule angebeba jina la mtu ambaye bibi yake hamjui. Na nikisema lile jingine, baba angezikwa mara ya pili, bila jina na bila mtoto.

"Shangazi, kabla hujampa, kuna jambo."

Nikasikia pumzi yake.

"Sema," alisema.

Nikasema. Bronik, posta, kioo mikononi, Borki, ndama chini ya msonobari, mzee Zundl na lile swali lake. Nilisema haraka na vibaya, nikirudia rudia, nikilia, na mtu mmoja wa kwenye foleni akachungulia mlangoni nikamfukuza kwa mkono.

"Bronik aliniletea peremende," shangazi alisema. "Siku ile aliporudi. Akasema, nimemwona kaka yako, nimemwambia, alikuwa ameshika kioo na akashindwa kujibu. Nikajua atakuja. Nikamwomba Tekla anisogezee kitanda dirishani."

"Ulijua?"

"Nilikaa dirishani majira yote ya baridi, mwanangu. Kila mtu mweusi kwenye theluji alikuwa Leizer."

"Theluji ilipokwisha nikaja mwenyewe. Mwezi wa nne, kwa fimbo mbili, siku mbili njiani. Kisimani penu nikakuta mwanamke nisiyemjua, nikamuuliza anapokaa Leizer wa vioo. Akanionyesha. Akasema, nenda ukawapongeze, wana binti wa mwezi mmoja, tarehe tisa Machi alizaliwa, wamemwita Keila."

Opereta aliingia akauliza kama tunaendelea. Sote wawili tulimfokea.

"Zilibaki hatua hamsini," shangazi alisema. "Nilimwona mama yako dirishani amekupakata. Dirisha lilikuwa na kioo kipya. Na mimi ni mtoto wa Zaretse, jina kama lile nilijua maana yake. Mtu aliyeambiwa kwamba niko hai amelitoa jina langu. Nikageuza fimbo zangu. Wakati ule serikali ilikuwa inawahamishia watu Poland kwa treni, nikapanda na wenzangu. Huyo mtu wa Grodno wa kwenye barua hakuwepo. Nilijua kaka yangu alipo miaka yote. Alipozaliwa Marek nilimpa jina la baba yangu, na watu wakaniambia, ongeza la kaka yako aliyepotea vitani. Nikakataa. Kaka yangu yuko hai, nikasema, ana kazi nyingi tu."

"Na ulipokuja, wiki nzima ile. Mbona hukumwambia?"

"Nilikuwa namngoja aseme. Niliona nimemngoja majira yote ya baridi, wiki moja itanishinda? Alipomtaja Bronik nikaweka kijiko chini. Nilikuwa tayari, Keila. Angesema neno moja tu, ningemwambia, basi, kaka, tule."

"Alishindwa, shangazi."

"Najua alishindwa. Na mimi? Hatua hamsini, na mkono wangu ulikuwa mzima. Ningegonga kile kioo. Yeye angeniona, angeanguka, tungemaliza siku ile ile. Hasira ya msichana wa miaka ishirini na moja ilinifurahisha sana njiani kwenda Poland. Haijanifurahisha tena tangu hapo." Akavuta kamasi. "Majuto ni yangu pia. Usimwachie yeye peke yake, hana mabega hayo."

Nje mtu aligonga dirisha la duka na sarafu. Nilimwacha agonge.

"Haya," shangazi alisema. "Mzee Zundl hayupo. Niulize wewe."

Nilijifuta uso kwa koti langu jeupe la kazi. "Jina hili ni la nani?"

"La kaka yangu Leizer, fundi wa vioo wa Zaretse."

"Una hakika?"

Nilisikia upande wa pili mtoto akilia, na mtu akimbembeleza kwa lugha nisiyoijua.

"Mimi nimezoea kumngoja," shangazi alisema. "Wewe ndiye uliyemfukia. Una hakika wewe?"

"Nina hakika, shangazi."

"Basi," alisema, "na aje."